Kiswahili Kisiishie Langoni mwa Chuo Kikuu

Najua wengi wenu mnataka kufunua kurasa upesi upesi mfikie vitendawili na mizaha, lakini nawasihi mnivumilie kidogo. Nina jambo linalonikera, na nisipolisema humu sijui nitalisemea wapi.

Mimi hukaa Uthiru. Kila niendapo tao, matatu hunipitisha karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi mara tatu kabla sijashuka. Kwanza ni upande wa Kabete, wanakosomea kilimo na utabibu wa mifugo. Halafu tukishapita Westlands ni Chiromo, penye miti mingi, ambapo marehemu Profesa Wangari Maathai alikuwa akifundisha anatomia ya mifugo. Huyu mama alipata shahada ya uzamifu hapo hapo Nairobi mwaka wa 1971, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati, na mwaka wa 2004 akatuzwa Nobeli. Mwisho ni bewa kuu lenyewe, katikati ya jiji. Manamba hupiga kelele “Chuo! Wa Chuo washuke!” na wanafunzi hushuka na mabegi yao. Basi mimi huwatazama kwa wivu, nisiwafiche.

Chuo hiki hakikuzaliwa kikiwa chuo kikuu. Kilipewa hati ya kifalme mwaka wa 1951 kikiwa chuo cha ufundi cha Afrika Mashariki nzima, na wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka wa 1956. Wakati huo Wahindi wa huku kwetu walikuwa wakichanga fedha zao wajenge chuo cha kumkumbuka Mahatma Gandhi. Mipango hiyo miwili ikaunganishwa, na ndiyo sababu sanamu ya Gandhi ingali imesimama pale hadi leo. Mwaka wa 1961 kikaanza kuwaandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Kisha tukawa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na ndugu zetu wa Makerere na Dar es Salaam. Kilipovunjwa mwaka wa 1970 kila nchi ikachukua chake, na Mzee Jomo Kenyatta akawa Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Hayo ni ya vitabu. Linaloniwasha hasa ni la mwaka wa 1968. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, wahadhiri watatu, Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngugi wa Thiong’o, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Hebu fikiria! Walisema haifai fasihi ya Uingereza iwe ndiyo kitovu, nasi tuwe pembeni katika nchi yetu wenyewe. Walitaka Afrika iwekwe katikati, na fasihi simulizi ya wazee wetu isomwe kama fasihi nyingine yoyote. Zogo likazuka, lakini hatimaye ikapatikana Idara ya Fasihi. Vitabu vya Waafrika tunavyovisoma darasani bila kushangaa vilifunguliwa njia na ubishi wa aina hiyo.

Ngugi aliendelea na ubishi wake. Mwaka wa 1977, kule Kamiriithu, Limuru, mchezo wa Kigikuyu alioutunga pamoja na Ngugi wa Mirii uliigizwa na wanakijiji wenyewe. Tarehe 31 Desemba mwaka huo akakamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima, na alipotoka hakurudishiwa kazi yake Chuo Kikuu. Alifariki mwaka wa 2025, ughaibuni. Miaka ile wasomi na serikali walikuwa kama paka na panya. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Nayataja haya kwa sababu kuna wanafunzi wenzangu hapa shuleni ambao wakisikia jina la Chuo Kikuu huwaza mawe na vitoa machozi tu.

Sasa nifikie dukuduku langu. Wale watatu walishinda nusu ya vita. Yaliyosomwa yalibadilika, lakini lugha ya kusomea ilibaki ile ile. Ukitoa wale wanaosomea Kiswahili chenyewe, ambao huandika hata tasnifu zao kwa Kiswahili, aliyebaki akishavuka lile lango husoma kwa Kiingereza mpaka avae joho. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena lugha rasmi. Rasmi gani hii isiyoingia darasani?

Mtaniambia, “Wewe, hiyo ni lugha ya sokoni, udaktari utausomaje kwa Kiswahili?” Hata mwalimu wetu wa baiolojia (anisamehe akisoma hapa) aliangua kicheko nilipomwambia neno “usanisinuru” lipo. Lipo, Mwalimu. Wataalamu wa Dar es Salaam walikwisha chapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990, kabla sisi hatujazaliwa.

Na kuna mzee mmoja jirani yetu, sisi watoto wa mtaa humwita Guka. Yeye ni mmoja wa vijana waliopelekwa kusoma Urusi miaka ya sitini, wakati Jaramogi Oginga Odinga alipokuwa akiwatafutia watu nafasi nchi za Mashariki, naye Tom Mboya akiwapeleka wengine Marekani. Nilimuuliza, “Guka, ulisomea uhandisi kwa Kiingereza?” Akacheka hadi akakohoa. “Kiingereza cha nani, mwanangu? Mwaka wa kwanza mzima tulifundishwa Kirusi. Wa pili tukaingia darasani na Warusi wenyewe.” Basi Mkenya aliweza kujifunza uhandisi kwa Kirusi, lugha ambayo hakuwahi kuisikia, halafu leo tunaambiwa hawezi kuusikia kwa Kiswahili alichokizoea tangu utotoni! Tena Warusi hao hao walichapisha kamusi ya Kiswahili na Kirusi mwaka wa 1961, Kenya haijapata hata uhuru.

Jambo hili si la mzaha kwangu. Mwaka juzi mama yangu aliugua presha. Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, lakini maelezo yake yote yalikuwa Kiingereza kilichonyunyiziwa Kiswahili cha kubahatisha. Mama akawa anaitikia tu, “Ndiyo, daktari.” Nyumbani akameza asubuhi na jioni vidonge vilivyokuwa vya jioni peke yake. Siku ya tatu akaanguka jikoni. Alipona, namshukuru Mungu. Yule daktari simlaumu sana. Katika miaka yote ya masomo yake, ni nani aliyemfundisha kumweleza mgonjwa mambo hayo kwa lugha ya mgonjwa?

Sisemi mihadhara yote igeuzwe kesho asubuhi. Hata Tanzania, pamoja na sifa zao zote, vyuo vyao vikuu bado hufundisha masomo mengi kwa Kiingereza, na vitabu havioti kama uyoga. Ninachotaka ni kidogo. Kila mwanafunzi wa udaktari, sheria na kilimo asome Kiswahili cha kazi yake na atahiniwe, kama anavyotahiniwa mengine. Yule wa Kabete amweleze mkulima ugonjwa wa ng’ombe wake, na wakili amwambie mteja ameshtakiwa kwa kosa gani. Wakiona ni mzigo, wamtembelee Guka.

Mimi nikijaliwa alama, nitaomba udaktari. Wakati huu ninaandika daftari la maneno ya hospitali, na limefika ukurasa wa kumi na nne. “Dozi” nimeipatia “kipimo cha dawa”, lakini Guka anasema ni refu mno kwa mgonjwa aliye taabani. Mwenye neno fupi zaidi aniletee Kidato cha Nne, dawati la nyuma karibu na dirisha.