Tembea Uone, Lakini Uende kama Mgeni



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa hapa parokiani alitungoja mlangoni pa sakristia akiwa na karatasi ya rangi mkononi. Lilikuwa tangazo la safari ya hija: siku tisa, nchi tatu, hoteli nzuri, ndege kwenda na kurudi. Bei yake ingetosha kumlipia mwanawe wa mwisho ada ya miaka miwili katika shule ya bweni, naye alilijua hilo, maana fedha aliyokuwa akiifikiria ndiyo hiyo hiyo. Hakutuuliza kama ni vema au si vema kusafiri. Alituuliza hivi: "Baba Paroko, nikienda huko nitarudi nimebadilika?"

Tulimjibu kwa haraka kwamba Mungu yupo kila mahali, tukaingia ndani kuvua mavazi ya Misa. Jibu lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa jibu la mtu anayewahi chai. Swali la mama huyo limetusumbua juma zima, nasi tumeona ni haki tulijibu upya, tena mbele ya wote, kwa kuwa si swali lake peke yake. Vijana wetu wanatuonyesha katika simu picha za watu wanaolala katika nyumba za barafu, wanaopaa kwa puto juu ya mbuga alfajiri, wanaopanda milima ambayo majina yake hatuwezi kuyatamka. Kila picha inaahidi jambo moja: njoo huku, utakuwa mtu mwingine. Wahenga wetu nao walisema, tembea uone. Je, ni kuona kupi walikokusudia?

Tuwasimulie safari moja. Miaka kadhaa iliyopita, sisi na mapadre wawili wa jimbo letu waliokuwa masomoni Ulaya tulipata nafasi ya kutembea sehemu ya mwisho ya njia ya hija iendayo Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania, ambako mapokeo husema limezikwa kaburini mwake Mtume Yakobo. Njia hiyo ina matawi mengi. Lililo mashuhuri kuliko yote huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port nchini Ufaransa, chini ya milima ya Pyrenees, na urefu wake unakaribia kilometa 800. Sisi hatukuwa na siku za kutosha wala magoti ya kutosha. Tulianzia kijiji cha O Cebreiro, penye mwinuko wa takribani meta 1,300, mahali njia inapoingia jimbo la Galicia.

Tulifika kijijini hapo katika ukungu mzito, na ukungu ulipopungua tulisimama tukiangaliana. Mbele yetu palikuwa na nyumba za mviringo, kuta zake za mawe, paa zake za nyasi zilizoinama karibu kugusa ardhi. Wenyeji huziita palloza. Mmoja wetu, mzaliwa wa Kagera, alizitazama kwa muda, kisha akasema: "Hii ni misonge ya babu." Zamani wenyeji wa pale waliishi humo pamoja na mifugo yao, watu upande mmoja na ng'ombe upande wa pili, kama walivyoishi wazee wetu. Tulikuwa tumevuka bara na bahari, na kitu cha kwanza kilichotustaajabisha kilikuwa nyumba ya kwetu.

Lakini kilichotugusa zaidi ni habari ya padre mmoja. Karibu na kanisa la kijiji hicho ipo sanamu ya Padre Elías Valiña, aliyekuwa paroko wa hapo, akafariki mwaka 1989. Enzi zake, njia ile iliyokuwa imejaa watu katika Karne za Kati ilikuwa imekaribia kufa. Vichaka vilikuwa vimemeza sehemu kadhaa, na nyingine zilikuwa zimefunikwa na barabara za lami. Padre huyu aliisomea njia hiyo hadi akaiandikia tasnifu ya udaktari. Baada ya hapo alifanya jambo ambalo halihitaji udaktari wowote. Katika miaka ya 1980 alichukua gari lake dogo, makopo ya rangi ya manjano na brashi, akaifuata njia akichora mishale: juu ya mawe, kwenye miti, kwenye kuta za mazizi, kila penye njia panda ambapo mgeni angeweza kupotea. Inasimuliwa kwamba rangi hiyo ilikuwa masalia ya ile inayotumika kuchora alama za barabarani.

Katikati ya miaka hiyo, wahujaji waliopokea cheti cha kufika Santiago hawakufika elfu tatu kwa mwaka. Mwaka 2024 walikaribia laki tano. Hatusemi kwamba brashi moja ndiyo iliyofanya kazi yote. Zipo jumuiya za marafiki wa njia, zipo serikali, na mwaka 1993 UNESCO iliingiza njia hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini hata leo, anayetembea huko hutafuta mshale wa manjano kabla ya kutafuta kitu kingine chochote. Paroko wa kijiji kidogo, asiye na fedha, aliwaza juu ya watu ambao hakuwahi kukutana nao, akawaachia alama.

Sisi tuliifuata mishale hiyo kwa siku saba. Kila mhujaji hubeba kijitabu kinachopigwa mhuri parokiani, katika nyumba za wahujaji, hata kwenye vijiduka vya kahawa, na anayekwenda kwa miguu sharti atembee walau kilometa 100 ndipo apewe cheti. Usiku tulilala katika vyumba vyenye vitanda vya ghorofa, watu ishirini au zaidi, kila mmoja akikoroma kwa lugha yake. Nyumba nyingine hazitozi bei: lipo sanduku mlangoni, unaweka ulichojaliwa, na asiye na kitu haulizwi.

Siku ya tatu mwenzetu mmoja alishindwa kutembea. Malengelenge yalikuwa yamepasuka katika miguu yote miwili. Jioni, tukiwa tumeketi bila kujua la kufanya, alikuja Mjerumani mmoja, dereva mstaafu wa malori, ambaye asubuhi alikuwa ametueleza waziwazi kwamba kanisani haendi. Hakujua kwamba sisi ni mapadre. Alipiga magoti sakafuni, akaipakata miguu ya mwenzetu, akaiosha kwa maji ya vuguvugu, akaifunga bandeji taratibu kama anayemfunga mtoto. Kila Alhamisi Kuu sisi huosha miguu ya watu kumi na wawili, iliyokwisha oshwa nyumbani na kupakwa mafuta. Jioni ile tulifahamu kwa mara ya kwanza kwamba aliye katika hali ngumu zaidi si anayeosha. Ni anayeoshwa, kwa maana hana la kulipa.

Hapo ndipo penye jibu letu. Tunaamini kwamba safari haimbadilishi mtu kwa sababu ya umbali wake wala kwa sababu ya ugeni wa vitu vinavyoonwa. Humbadilisha pale inapomvua uwezo wa kujitosheleza, akabaki kuwa mgeni anayehitaji mlango wa mwingine ufunguliwe. Mteja huwa amelipa, na aliyelipa hana deni la shukrani. Huweza kuzunguka dunia nzima na kurudi akiwa na malalamiko juu ya kifungua kinywa. Mgeni hurudi na majina ya watu midomoni mwake. Wanafunzi wawili wa Emau walitembea na mtu wasiyemtambua, na wakamtambua mezani, baada ya kumkaribisha.

Kama somo lingeishia hapo, ingekuwa rahisi. Lakini hatuna budi kuungama jambo. Miaka miwili baada ya safari ile, mwishoni mwa Mei, kundi la wahujaji waliokuwa wakienda Namugongo kwa miguu lilifika hapa kwetu magharibi, mvua ikinyesha. Mnajua wanachokiendea: Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto hapo tarehe 3 Juni 1886, mashahidi ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwaka 1964. Waliomba kulala katika ukumbi wa parokia. Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa ajili ya arusi, viti ni vipya, na baadhi ya wajumbe wa kamati waliogopa uharibifu. Nasi tuliogopa maneno ya kamati. Tuliwaelekeza kwenye nyumba ya wageni ya kulipia, mwendo wa nusu saa. Walitushukuru, wakajitwisha mizigo yao, wakaondoka wakiimba. Sisi tuliolala katika nyumba ya sanduku la hiari ugenini, tulioona miguu ya mwenzetu ikioshwa na mtu asiyetujua, tulisimama barazani tukiwatazama mpaka giza likawameza. Kumbe inawezekana kwenda mbali, kuona mengi, na kurudi vilevile.

Najua wapo watakaosema: padre amekwishapanda ndege yake, sasa anatufundisha kukaa nyumbani. Lawama hiyo tunaipokea, lakini sivyo tunavyomaanisha. Anayeweza kwenda Nchi Takatifu, Lurdi au Santiago bila kumnyima mtu haki yake, na aende kwa amani. Ila mama yetu mpendwa, kwa kuwa ulituuliza, tunakujibu sasa bila haraka: usiende kwa ada ya mtoto. Hija inayolipiwa na asiyeulizwa ni mzigo juu ya mgongo wa mwingine. Na kabla mtu yeyote hajatoa shilingi ya kwanza, ajiulize mambo matatu. Je, nitakutana na watu, au nitapitishwa mbele ya majengo? Je, ipo saa hata moja katika ratiba hii nitakayomhitaji mtu ambaye sijamlipa? Na nikirudi, nani hapa nyumbani atafaidika na kurudi kwangu?

Walei wengi wa ukanda huu hutembea kwenda Namugongo kila mwaka, wengine kutoka Kenya na hapa kwetu Tanzania, Wakatoliki na ndugu zetu Waanglikana, ambao nao wana mashahidi wao waliouawa mahali pale pale. Wanakula wanachopewa, wanalala wanapokaribishwa. Safari ya pekee kiasi hicho wengine huitafuta ng'ambo, nayo hupita mbele ya mlango wetu.

Kwa hiyo tumekubaliana na Halmashauri ya Walei: kuanzia mwaka huu, siku kumi za mwisho za Mei, ukumbi hautakodishwa kwa shughuli yoyote. Utakuwa na mikeka, maji ya moto, mabeseni na uji. Jumuiya zitapokezana zamu. Nasi tumeomba zamu ya kwanza ya mabeseni. Vijana wa parokia wamenunua kopo la rangi ya manjano, nao watachora mishale kuanzia barabara kuu hadi mlangoni petu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Sisi wenyeji tunahitaji kupona.

Mama, kama bado unatamani kusafiri, njoo Mei jioni moja. Kaa mlangoni uwapokee. Na mwaka utakaofuata, Mungu akitujalia miguu, tutembee nao.



Paroko wenu