Mtoto Anaposimamishwa Darasani kwa Kabila Lake

 

Ndugu zangu Waislamu, Nyakatuntu iko Kyerwa, mkoani Kagera, wilaya inayopakana na Rwanda na Uganda. Nilipofika huko kwa darsa, baada ya sala ya Isha mzee mmoja aliniuliza: "Shehe, mwaka 1994 tulipokea watu kutoka Rwanda. Miongoni mwao walikuwamo waliotoka kuua jirani zao, na wengine ni vijana waliosoma. Hiyo elimu iliwafaa nini?"

Kila ikifika Aprili, dunia hukumbuka mauaji yale, na mimi hulikumbuka swali la mzee huyu.

Jawabu lake ni zito: chuki ile walifundishwa. Chini ya Juvénal Habyarimana, aliyetwaa madaraka Julai 1973, Rwanda ilikuwa na chama kimoja, MRND, na kila raia alihesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa. Nafasi za sekondari ziligawanywa kwa kabila. Walionusurika wameeleza jinsi mwalimu alivyowaamuru Wahutu wasimame, kisha Watutsi, awahesabu. Wapo ambao siku hiyo ndiyo waliyojua kabila lao. Katika somo la historia, Mtutsi alielezwa kuwa mgeni aliyevamia nchi.

Disemba 1990, gazeti la Kangura lilichapisha "amri kumi" za Wahutu. Moja ilitaka wanafunzi na walimu walio wengi wawe Wahutu. Nyengine ilitaka itikadi hiyo afundishwe kila Muhutu katika kila ngazi. Mwaka 1993 ikaja redio ya RTLM. Aprili 1994, vijana wa chama, Interahamwe, walikuwa tayari kutumwa.

Tuseme kweli hata ikituuma: mhariri wa Kangura, Hassan Ngeze, ni Muislamu. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003, na rufaa ya mwaka 2007 ikamwachia kifungo cha miaka 35. Wakati huo huo, Waislamu wengi wa Biryogo, Kigali, waliwaficha jirani zao Watutsi. Kwa hivyo jina la Kiislamu peke yake halimzuii mtu na dhulma. Kinachomzuia ni malezi yaliyoingia moyoni.

Nasi visiwani tusijione tuko mbali. Baada ya Mapinduzi ya 1964, watoto wetu waliingizwa katika Young Pioneers, wakafunzwa gwaride na utiifu kwa chama. Ukafika wakati nafasi za sekondari zikagawanywa kwa asili ya mtoto. Hatukufika walikofika Rwanda, alhamdulillah, lakini wazee wetu wanajua uchungu wa mtoto kupimwa kwa nasaba yake badala ya akili yake.

Hukumu ya jambo hili iko wazi. Surat al-Hujurat, aya ya 13, inatufundisha kuwa makabila yamewekwa ili tujuane, na mbora ni mwenye taqwa. Surat al-Maida, aya ya 8, inakataza chuki juu ya watu isitutoe katika uadilifu. Na Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba, awe kiumbe huyo ni mwalimu, kiongozi wa chama au shehe.

Basi mzazi, muulize mwanao jioni leo kafundishwa nini, skuli na chuoni pia, kwani hata sisi walimu wa chuo tunaweza kupanda chuki kwa jina la dini. Usimtukane Mpemba, Muunguja, mtu wa bara wala wa chama chengine mbele ya mtoto, kwani darasa la kwanza ni sebuleni kwako. Na mwanao akikuuliza "kwa nini?", usimnyamazishe. Kijana aliyezoea kuuliza nyumbani ndiye atakayeuliza siku atakapoamriwa kudhulumu.

Allah atuhifadhie watoto wetu. Wallahu aalam.