Muuguzi na Neno la Mtoto

Katika zahanati za Kangema na Maragua, kama kwingineko nchini, mtoto aliyenajisiwa ni nadra kukitaja kitendo chenyewe. Husema tu, "Alinifanyia tabia mbaya." Hiyo ni tasfida tuliyomfunza sisi wazazi na walimu.

Muuguzi asiyeitambua tasfida hiyo humrudisha mtoto mikononi mwa aliyemdhulumu. Anayeitambua naye husihiwa na jamaa anyamaze, mambo yaishie nyumbani. Asikubali. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 nayo imeweka kifungo cha maisha kwa amnajisiye mtoto wa miaka 11 au chini yake.

Kushuku si kuhukumu. Kuthibitisha ni kazi ya mahakama; wajibu wa muuguzi ni kuyaandika maneno ya mtoto jinsi yalivyotamkwa, kisha kumwarifu afisa wa watoto au polisi. Simu ya watoto, nambari 116, hupigwa bila malipo.

Nasi walimu tuwafunze watoto majina halisi ya viungo vyao, ili siku ya dhiki wasikose la kusema.