Sumu Isiyotajwa Koponi: Nani Atalipa?



Sabuni na mafuta ya kung'arisha ngozi yameenea katika masoko ya nchi yetu, wala hatuna sababu ya kudhani kwamba vijiji vya Magindu vimesalimika. Kinachotajwa koponi ni uzuri. Kisichotajwa, mara nyingi, ni zebaki. Sumu hii hupenya ngozi, huharibu figo na mishipa ya fahamu, na kutoka kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, Tanzania ikiwamo, ziliazimia vipodozi vyote vyenye zebaki vikomeshwe ifikapo 2025.

Hata hivyo, marufuku haimfidii aliyekwisha kudhurika. Tujifunze kwa jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa. Wao hawakudhuriwa na kipodozi, bali na madini ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu. Lakini wao pia waliishi na sumu ambayo hawakuelezwa. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Walikuwa na vipimo vya damu, na walisimama pamoja.

Mnunuzi wa kopo yu peke yake. Risiti hana, kopo amelitupa, na mwenye duka hasemi alikonunua. Kwa hiyo tunaziomba jumuiya ndogo ndogo zifanye mambo matatu: kutunza kopo na risiti, kumweleza mganga wa zahanati kila kilichopakwa, na kupeleka malalamiko kwa pamoja katika Shirika la Viwango (TBS) au Tume ya Ushindani (FCC).

Na tukiitwa kupatana nje ya mahakama, tusipokee fedha inayonunua ukimya wetu. Mapatano ya haki huitaja sumu hadharani, huondoa bidhaa sokoni na hugharimia matibabu. Yasipofanya hivyo, mmoja hulipwa, na kopo lile lile humngoja mwingine dukani.

Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika biashara hii afichaye ni mmoja na afaye ni mwingine. Hiyo ndiyo dhuluma, na kuinyamazia ni kushiriki.