Kozi anaulizwa pasipoti, kasuku wetu haulizwi kitu

Katika Falme za Kiarabu, kozi wa kuwindia anavuka mpaka akiwa na pasipoti yake. Utaratibu huo ulianza mwaka 2002. Ndani mnaandikwa aina ya ndege, nchi alikotoka na namba ya pete iliyo mguuni.

Kuwinda kwa kozi ni urithi wa watu hao, na UNESCO iliutambua mwaka 2010. Lakini kukamata wa porini kunamaliza kizazi: kozi aina ya saker yuko hatarini kutoweka. Ndiyo maana wengi sasa wanazalishwa kwenye vituo vya ufugaji. Pete wanavalishwa wakiwa makinda, kwani mguu ukishakomaa haiingii tena. Hivyo aliyeibwa porini anajulikana.

Sisi Wakongomani tuna kasuku wa kijivu. Tangu mwaka 2017, mkataba wa CITES unakataza biashara ya kimataifa ya kasuku hao wa porini. Hata hivyo, katika misitu ya Maniema na Tshopo wananaswa kwa ulimbo, wanasongamanishwa vikapuni, na wengi wanakufa njiani.

Mtegaji anayetafuta karo ya watoto si mkosaji peke yake. Kuna mnunuzi, kuna msafirishaji, na kuna anayefumba macho kwenye kizuizi. Serikali ianzie hapo: asiye na karatasi anyang'anywe ndege, watunzwe, kisha warudishwe msituni. Waarabu wanalinda mchezo wao kwa kukagua. Sisi tunashindwaje kulinda msitu wetu?