Ordinatere moja, barua za watu wengi



Tumepata habari njema kwamba ordinatere moja itawekwa katika chumba cha kusomea, pamoja na intaneti, ili sisi wa interna tuweze kuandika na kupokea barua. Tunashukuru sana. Lakini tunasikia mpango ni huu: anwani moja kwa wote, neno la siri moja, na neno lile lijulikane na kila kapita wa darasa. Hapo sisi wafinaliste tunaomba ruhusa ya kusema kidogo.

Muhula uliopita tulijaribu namna ile ile kwa telefone moja ya kuazima. Mwenzetu mmoja aliandikiwa na mama yake kutoka Fungurume: baba amesimamishwa kazi, minerval itachelewa, mtoto avumilie. Barua ile ilifunguliwa na mwingine aliyekuja kutafuta ya kwake. Kabla ya chakula cha jioni dortoir nzima ilijua. «Eh, mama yako anasema makuta hakuna!» Hakuna aliyeiba kitu, maana mlango ulikuwa wazi. Lakini tangu siku ile ndugu huyu haandiki tena nyumbani kwa njia hiyo. Anangoja mtu anayesafiri.

Wazazi wetu wanakumbuka fonia. Wakati wa Zaire mtu alikwenda kwenye fonia ya misioni au ya mfanyabiashara, akapanga mstari, kiisha akasema habari za ugonjwa, za deni, za mahari, mbele ya wote waliokuwa wanangoja. Na wa ngambo ile nyingine walisikia pia. Barua ya karatasi ilikuwa ya polepole, ndiyo, lakini hata akiibeba dereva wa kamio kutoka Lubumbashi, bahasha ilikuwa na gundi. Anwani moja kwa interna nzima inaturudisha kwenye fonia.

Wengine watasema: ordinatere ni moja, tufanye namna gani? Kumbe barua za ordinatere zilianza hivyo hivyo, kwenye mashini moja ya watu wengi! Katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1961, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mashini iliyoweza kutumiwa na watu wengi pamoja. Waliona mara moja kwamba kila mtu sharti awe na neno lake la siri. Mwaka 1965 wakatengenezewa programu ya kuachiana barua ndani ya mashini ile ile. Ni mwaka 1971 tu Ray Tomlinson alipotuma barua kutoka mashini moja kwenda nyingine kwa mtandao. Tena tusifikiri wanafunzi wa kule walikuwa malaika: mwaka 1962 Allan Scherr, aliyetaka saa nyingi kuliko zile alizopewa, aliiambia mashini imchapie orodha yote ya maneno ya siri. Basi hila hizi si za Kolwezi peke yake.

Sasa namna ya kufanya. Tuseme tumeweka Thunderbird, ambayo ni ya bure. Tukiingiza anwani zote katika dirisha moja, zitapangwa zote upande wa kushoto, na kila anayekaa kwenye kiti atafungua anayotaka. Hiyo ni sawa na mpango wa kwanza. Namna ya pili ni kumfanyia kila mtu profili yake: programu inaanzishwa kwa kuongeza -P nyuma ya jina lake, nayo inauliza wewe ni nani. Ni nzuri kwa kuzuia barua kuchanganyika, na mtu mwaminifu itamtosha. Lakini profili haina kufuli. Ukijibu kwamba wewe ni mwenzako, inakuamini! Ndani yake mnaweza kuweka neno kuu la siri, lakini lile linalinda maneno ya siri yaliyohifadhiwa, si barua zenyewe. Barua zinakaa katika faili za kawaida, na anayejua dosie ilipo anazisoma bila Thunderbird.

Kwa hiyo sisi tunataka namna ya tatu: kufuli iwekwe mbele, katika Windows yenyewe. Kila mwanafunzi awe na konti yake ya kawaida na neno lake la siri. Kila konti ina dosie zake, na mwenye konti nyingine ya kawaida akijaribu kuzifungua anakataliwa. Thunderbird inawekwa mara moja tu. Kila mtu akiifungua ndani ya konti yake anaikuta tupu, anaingiza anwani yake mwenyewe. Wachague IMAP, si POP, ili barua zibaki pia kwenye seva. Tunajua kuran yetu: siku mashini itakapoungua, barua zisiungue nayo. Ukimaliza, toka kabisa katika konti. Ukienda kunywa maji tu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L.

Tunajua neno ambalo ndugu Prefe atasema: mkifungiwa mlango, mtaandika mambo mabaya. Wasiwasi huo si wa bure, hatuucheki. Lakini Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya siri ya barua zake, na haikuandika «isipokuwa wanafunzi». Sharti mtu mmoja awe na konti ya msimamizi, na huyo ataweza kufungua dosie zote, hatuwezi kulificha. Tunaomba awe mwalimu, asiwe mwanafunzi, wala asiwe mmoja wetu sisi tunaoandika hapa. Akiona mtu anavunja sheria za interna, afunge konti yake na amwite mzazi. Kusoma barua, hapana.

Wale wa nje watatuambia: si kila mtu ana telefone? Njooni mlale interna juma moja mtaona. Na fomu nyingi za université siku hizi zinataka imeli ya mwenyewe. Mfinaliste ataandika ya nani? Ya kapita?

Kazi yenyewe si kubwa. Kumfungulia mtu mmoja konti ni dakika chache, na sisi tuko tayari kusaidia Jumamosi mbili mfululizo, baada ya kufagia, mwalimu akiwa karibu. Kila mtu aje na neno lake la siri kichwani, si kwenye kipande cha karatasi. Tunangoja jibu la Prefe, na tunaomba lije kabla mashini haijafunguliwa kwa watu wote.