Kabla Mzee Hajaanza Kukimbia, Tumuulize

Alfajiri ya Jumamosi, jua likiwa bado halijapanda, Barabara ya Kilwa huwa ya wakimbiaji. Hutokea Mbagala, Mtoni na Tandika, wamevaa fulana za rangi moja, wakiimba na kupiga makofi, huku kijana mmoja mwenye kipenga akiwaashiria madereva wa daladala wapunguze mwendo. Upande wa Kinondoni hali ni hiyo hiyo, kuanzia Mwananyamala hadi Tegeta na Bunju. Vikundi hivi vya mbio za pole, ambavyo mtaani huitwa jogingi, havikuanzishwa na Serikali, ila vilipata nguvu Desemba 2016, pale Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alipoagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itengwe kwa ajili ya mazoezi. Zamani niliwaona vijana tu. Siku hizi, kwenye safu za nyuma, nawaona wastaafu, na akina bibi waliojifunga kanga kiunoni juu ya suruali za michezo.

Mimi hufurahi kuwaona. Nalisema hili mapema ili yanayofuata yasieleweke kuwa ni onyo la kuwarudisha wazee vitini. Kukaa kitako kunawadhuru wazee wetu wengi zaidi kuliko kukimbia. Lakini kuna jambo tunalolikosea sisi wenye makoti meupe, na mimi nimelikosea kwa mkono wangu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilimhudumia mama wa miaka 67, mkazi wa Mbagala, mwenye kisukari na shinikizo la juu la damu kwa zaidi ya miaka kumi. Kliniki siku hiyo ilikuwa na wagonjwa zaidi ya arobaini. Nilitazama vipimo vyake, nikamwambia uzito umezidi, nikaandika neno moja kwenye daftari lake: mazoezi. Baada ya wiki tatu aliletwa kwa bajaji, kifundo cha mkono wa kushoto kimevunjika, sukari yake ikiwa 2.3. Alikuwa ameswali Subuhi, akameza glibenklamaidi na vidonge vyake vya presha kama nilivyomwelekeza, kisha akatoka na majirani zake bila kutia kitu tumboni, kwa kuwa alisikia kwamba kukimbia na njaa huyeyusha mafuta. Alianza kutetemeka, akaona giza, akaanguka ukingoni mwa mtaro. Tulipomvua raba, ambazo zilikuwa za mjukuu wake, tulikuta kidonda chini ya kidole gumba cha mguu. Hakuwa na habari nacho. Ganzi ya kisukari ilikuwa imemnyang'anya maumivu muda mrefu uliopita, nami sikuwahi kumvua viatu.

Hakunilaumu. Alisema tu, “Uliniambia nifanye mazoezi, mwanangu. Nami nikafanya.”

Tumezoea kusema kwamba mazoezi ni dawa. Sawa, lakini hakuna daktari atakayeandika amlodipini bila kutaja miligramu, wala atakayempa mgonjwa insulini bila kumuuliza anakula saa ngapi. Mazoezi tunayatoa bila dozi, bila kuuliza mgonjwa anatumia nini kingine, bila kumwambia dalili za kumfanya asimame. Kisha akianguka, familia inasema mazoezi si ya wazee, na mtaa mzima unajifunza somo lisilo sahihi.

Wapo wenzangu wanaoona dawa ya tatizo hili ni kumtaka kila mzee apime moyo kwa mashine kabla hajanyanyua mguu. Siafikiani nao. Mzee wa Chamazi au Bunju akiambiwa aanze na kipimo cha umeme wa moyo, na picha ya moyo, na cheti cha daktari bingwa, atafanya hesabu ya nauli, ya foleni na ya siku mbili za kutouza genge lake, kisha atabaki nyumbani. Aidha, kumpima kwa mashine mtu asiye na dalili yoyote, anayetaka tu kutembea, mara nyingi huzaa majibu yenye utata yanayodai vipimo vingine, bila kumpunguzia hatari. Hata Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo, ambacho kwa miaka mingi kilisisitiza kibali cha daktari kwa makundi mengi ya watu, kililegeza mwongozo wake mwaka 2015. Kiliona kwamba masharti yalikuwa yanawazuia watu kuanza. Siku hizi kinatazama mambo matatu: je, mtu huyu tayari ana mazoea ya kujishughulisha? Je, ana ugonjwa unaojulikana wa moyo, kisukari au figo, au dalili zake? Na anakusudia kufanya mazoezi mazito kiasi gani? Anayetaka kutembea taratibu na hana dalili, aanze. Anayetoka kwenye kiti akitaka kukimbia kilomita kumi Jumamosi ijayo, huyo ndiye wa kukaa naye chini.

Kwetu, hata hivyo, neno “unaojulikana” lina mtego. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takriban robo ya watu wazima Tanzania Bara walikuwa na shinikizo la juu la damu. Na utafiti huo uliishia kwa watu wa miaka 64. Wazee hawakuhesabiwa. Tukitaka kujua habari zao inatupasa kwenda Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako watafiti waliwapima watu wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta takriban saba kati ya kumi wana shinikizo la juu, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa. Kwa hiyo mzee wa Temeke anaposema “sina ugonjwa”, mara nyingi maana yake ni kwamba hajapimwa. Ndiyo sababu nasisitiza mashine ya presha, na si mashine kubwa za hospitali ya rufaa.

Tathmini ninayoitetea inafanyika katika zahanati yoyote, kwa dakika kumi, na muuguzi au tabibu anaiweza sawasawa na mimi. Nusu yake ni mazungumzo. Usimuulize mzee kama ana tatizo la moyo. Muulize anafanya nini kwa siku. Anafagia uwanja mwenyewe? Anatembea hadi sokoni Tandika na kurudi na mzigo? Akipanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu pale Manzese, anasimama katikati, na kama anasimama, ni magoti au ni pumzi? Mwenye kupanda ngazi hizo bila kusita amekupa jibu ambalo mashine nyingi hazitakupa. Anayesema kifua humbana akiharakisha, na huachia akipumzika, asianze chochote kipya. Huyo apelekwe kuchunguzwa moyo. Ndivyo pia kwa aliyewahi kuzimia akiwa katika kazi ya nguvu, anayeamka usiku kwa kukosa pumzi, au ambaye miguu imeanza kuvimba. Weka sikio kwenye kifua chake. Valvu ya moyo iliyokakamaa kwa uzee hutoa mlio unaosikika kwa chombo tunachokivaa shingoni kila siku, mara nyingine kwa mapambo tu.

Muulize kama ameanguka mwaka huu. Wazee wetu hawasemi, kwa kuogopa kwamba watoto watawazuia kutoka. Wanawake waulize, kwa faragha na kwa heshima, kama mkojo huwatoka wanapokohoa au kuruka. Nimewajua akina mama walioacha kikundi baada ya Jumamosi moja, wakasingizia magoti, kumbe ni hilo. Na wengi wangesaidika kwa mazoezi ya misuli ya nyonga ambayo hayahitaji hata kutoka chumbani. Kisha mwambie afungue mfuko wa dawa, wote, pamoja na za mitishamba. Mwenye kutumia insulini au glibenklamaidi apime sukari kabla ya kuondoka, na ikiwa chini ya 5 ale kwanza. Mfukoni awe na peremende au sukari. Anayetumia vidonge vya kukojoza, halafu akatoka jasho katika joto la Februari la Dar es Salaam, anaweza kuishiwa maji na kupata kizunguzungu. Anayetumia atenololi mapigo yake hayapandi kama ya wengine, hivyo kumfundisha kuhesabu mapigo ni kumpotosha.

Baada ya hapo mpime presha akiwa ameketi na ametulia dakika tano, kisha mpime tena akiwa amesimama. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu, umejua kwa nini huyu ataanguka, na pengine zinazohitaji kurekebishwa ni dawa zako. Ikiwa ameketi na presha ni 180 kwa 110 au zaidi, tiba itangulie, mbio zisubiri. Mwambie ainuke kitini bila kushika, atembee mita tatu, ageuke, arudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, aanze na mazoezi ya kuimarisha mapaja na mizani ya mwili, si barabarani. Na mwenye kisukari, mvue viatu. Hili sitalisahau tena.

Kuna jambo moja la matamasha yetu ya mazoezi ambalo huniudhi, na nitalisema. Mara nyingi hema la kupima presha na sukari hupangwa mwishoni, karibu na jukwaa la hotuba, watu wakiwa wamekwisha kukimbia. Papo hapo baada ya mbio presha huwa bado imepanda, na baadaye kidogo, kwa mwenye shinikizo la juu, huweza kushuka kuliko kawaida yake kwa saa kadhaa. Kwa hiyo mmoja anarudi nyumbani na hofu isiyo na msingi, mwingine anarudi na faraja ya uongo, akijiambia kuwa presha imepona. Hema lihamishwe mwanzoni, na viti viwepo. Kiongozi wa kikundi naye aweza kuwauliza wanachama wapya maswali machache ya kifua, pumzi, kuzimia, kuanguka na dawa, kisha anayejibu ndiyo akaelekezwa zahanati iliyo karibu. Haihitaji shahada. Huyu mwenye kipenga anatuvusha barabara kila Jumamosi. Namwamini na hili pia.

Kwa wewe mzee unayesoma, au unayesomewa na mwanao: usisubiri kuitwa. Ukienda kliniki, mwambie anayekuhudumia, “Nataka kuanza mazoezi, nitazame kwanza.” Umri wa miaka 60 na kuendelea una dirisha lake katika vituo vya umma, litumie bila haya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya mizani, lakini hizo ni za kufikia, si za kuanzia. Anza na dakika kumi. Kipimo cha mwendo ni mdomo wako: ukiweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba, hapo ni sawa, ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Kifua kikibana, ukiona giza au moyo ukienda mrama, simama, na usiaibikie vijana. Wakati wa Ramadhani, mwenye kisukari anayefunga azungumze na mtoa huduma mapema kuhusu saa za dawa na saa za kutembea. Mchana na tumbo tupu si wakati wake. Na kwa watoto wa wazee hawa: raba yenye kumtosha mama yenu ina faida kuliko kitenge cha tatu.

Yule mama wa Mbagala mkono wake uliunga. Kidonda kilichukua karibu miezi miwili. Tulibadilisha dawa yake ya sukari, tukamtafutia viatu, tukaanza na kuinuka kitini mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, kisha kutembea kwenye kiwanja tambarare baada ya kunywa chai na kula kipande cha muhogo. Mwezi uliopita alikuja kliniki akaniuliza kama sasa anaweza kurudi kwenye kikundi cha majirani zake. Nilimpima ameketi, nikampima amesimama. Nilipoinua macho, alikuwa amekwisha kuvua viatu.